UZI: Mwaka 1890 Zanzibar. Nani aliuza, nani alinunua, na hela zilikwenda wapi?

Karani wa Forodha (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna sentensi inazunguka humu kila baada ya miezi michache: "Mjerumani aliibadilisha Zanzibar na kisiwa cha Heligoland." Utaisikia kijiweni, utaikuta kwenye daftari la mwanafunzi, hata waheshimiwa wameshaitamka. (Heligoland ni kisiwa kidogo Bahari ya Kaskazini, wakati huo kilikuwa cha Mwingereza.) Mjerumani hakuwahi kuwa na Zanzibar. Hakuwa na Unguja, hakuwa na Pemba. Sasa alibadilisha nini?

Naomba tuupitie mwaka huo wa 1890 wenyewe. Ndani yake mambo ya utawala wa Unguja na mwambao mzima yalikatwa, na mengi yalikatiwa Berlin na London. Na kuna suala la hela, ambalo ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi. Nitalifikia. Wenye haraka mniwie radhi.

Tarehe 13 Februari 1890 Sayyid Khalifa bin Said alifariki. Alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti tangu alipoondoka Sayyid Barghash, Machi 1888. Akakalishwa ndugu yao, Sayyid Ali bin Said, wa mwisho katika watoto wa Said bin Sultan kutawala Zanzibar.

Huyu Ali alirithi nini? Kwenye karatasi alikuwa na Unguja, Pemba, Mafia, Lamu na visiwa jirani, na ukanda wa pwani wa maili kumi kuingia bara. Huo ukanda ulipimwa mwaka 1886 na tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa. Sultani hakuwa na mjumbe ndani ya tume iliyopima mipaka ya nchi yake, ila Mwingereza alituma kijana mmoja aitwaye Kitchener, yule aliyekuja kuwa mkubwa sana Sudan baadaye.

Kwa hali halisi ukanda ulikuwa umeshakodishwa. Kusini ya mto Umba, Khalifa aliwapa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki uendeshaji wa pwani na forodha kwa miaka 50, Aprili 1888. Kaskazini, Barghash alikwisha kuwapa watu wa William Mackinnon, tajiri wa Kiingereza mwenye kampuni, nao kwa miaka 50, Mei 1887. Kodi ilikuwa iende kwa Sultani na bendera iwe yake.

Wajerumani walipoanza kupandisha bendera ya kampuni Agosti 1888, pwani iliwaka. Abushiri bin Salim wa Pangani, Bwana Heri wa Saadani, mnawajua. Berlin ikamleta Hermann Wissmann na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, Bwana Heri akasalimu amri Aprili 1890, na Mei Wajerumani wakaziteka tena Kilwa, Lindi na Mikindani. Kwa hiyo wakati Sayyid Ali anapokea mikono ya watu wanaokuja kumpa mkono wa taazia na wa pongezi kwa pamoja, pwani "yake" ilikuwa inapigwa mizinga na watu waliodai kuiendesha kwa jina lake.

Naendelea chini.

---

Mzee wa Gahawa

Karani, endelea. Naweka mkeka hapa.

---

bongonyoso

Mkuu, mbona historia ya shule ilituambia Bismarck ndiye aliyepanga yote haya? Au tulidanganywa?

---

Karani wa Forodha

Mkuu @bongonyoso, Bismarck alikuwa ameshafukuzwa. Kaiser Wilhelm II alimwondoa Machi 1890, akaingia Leo von Caprivi, mwanajeshi, mtu ambaye makoloni hayakumnyima usingizi. Huko Uingereza Lord Salisbury alikuwa waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo timu.

Tatizo lao lilikuwa kwamba huku chini watu walikuwa wanakimbizana. Carl Peters, Mjerumani wa kusainisha machifu mikataba, alipita Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, akapanda mpaka Buganda, na mapema mwaka 1890 akamsainisha Kabaka Mwanga mkataba. Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini ya Sudan, ambaye msafiri Stanley alimtoa kule na kumfikisha Bagamoyo Desemba 1889, aliingia kazini kwa Wajerumani, na mwisho wa Aprili akaondoka Bagamoyo na msafara kurudi bara. Mackinnon naye anapiga kelele London kwamba Mjerumani anamzunguka kwa nyuma. Kila siku ikipita kuna karatasi mpya iliyosainiwa na chifu mwingine, na hakuna anayejua ipi itasimama.

Mei, Sir Percy Anderson akatumwa Berlin kukaa na Dk. Krauel wa wizara ya nje ya Ujerumani. Mkataba ulisainiwa tarehe 1 Julai 1890. Vifungu 12.

Vingi vinahusu mistari: mto Umba mpaka Ziwa Jipe, kuizunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, mpaka nyuzi 1 kusini ya Ikweta kwenye ziwa kubwa. Tanga ikawa huku, Mombasa ikawa kule. Ule mkono mrefu wa Namibia uitwao Caprivi umetoka humohumo. Uganda ikaangukia upande wa Mwingereza, na Peters, aliyekuwa anateremka pwani na mkataba wake wa Mwanga mfukoni, akafika akakuta karatasi imekuwa ya kufungia karanga.

Kifungu cha 11 ndicho chetu. Nakieleza kwa maneno yangu. Uingereza inaahidi kutumia nguvu zake zote kumshawishi Sultani awakabidhi Wajerumani moja kwa moja ule ukanda wa pwani uliokuwa umekodishwa kwa kampuni yao, pamoja na kisiwa cha Mafia, na Sultani alipwe fidia ya haki. Ujerumani nayo inakubali himaya ya Uingereza juu ya nchi iliyobaki ya Sultani, Unguja na Pemba zikiwemo, na inaachia Witu na madai yake ya pwani mpaka Kismayu.

Heligoland imewekwa mwisho kabisa, kifungu cha 12.

Kwa hiyo alichotoa Mjerumani ni madai yake Witu na Uganda, na ahadi ya kutomsumbua Mwingereza Unguja. Alichopata ni kisiwa kidogo Bahari ya Kaskazini, na pwani ya Tanganyika. Na pwani hiyo hakupewa na Mwingereza, kwa sababu Mwingereza hakuwa nayo. Ilikuwa ya Sayyid Ali.

---

Chole Bay

Asante kwa kuitaja Mafia. Sisi tumetajwa kwa neno moja ndani ya kifungu, "na kisiwa cha Mafia", basi. Wazee wetu walilala raia wa Sultani wakaamka wa Kaiser. Ndiyo maana mpaka leo mtu akiniuliza kwa nini Mafia ipo Mkoa wa Pwani na si Zanzibar, namwambia kaulize Berlin.

---

Ruwi_77

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Muscat, babu zangu walihama huko kwenu. Swali langu kwa Karani: Sayyid Ali alikuwa wapi wakati haya yanafanyika? Alijua?

---

Karani wa Forodha

Wa alaykum salaam, sheikh. Swali zuri, na jibu lake linauma.

Tarehe 14 Juni 1890, yaani siku 17 kabla ya Berlin kusaini, Sayyid Ali alitia saini yake kwenye mkataba na konseli mkuu wa Uingereza, Sir Charles Euan-Smith, kukubali himaya. Ndani yake mna sharti kwamba atakayerithi kiti lazima akubaliwe na Waingereza. Wengi hulipita hilo haraka. Lakini mwaka 1896 Sayyid Khalid bin Barghash alipoingia kasri bila ruhusa, hii ndiyo karatasi waliyoishika mkononi kabla ya kufyatua mizinga. Vita vya chini ya saa moja vilikuwa na mzizi wake hapa.

Kwa nini alikubali? Tazama alivyokaa. Pwani yake ina Wissmann. Bandari yake imejaa manowari za wageni. Jeshi lake mwenyewe lilianzishwa na linaongozwa na Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Aliyekuja kumwambia "sisi tutakulinda" ndiye yuleyule ambaye, wiki hizohizo, mjumbe wake alikuwa Berlin akijadili namna ya kuigawa pwani. Mimi simlaumu Sayyid Ali. Angemkataa Mwingereza, angebaki peke yake na Mjerumani.

---

Mzee wa Gahawa

Na Mfaransa je? Nakumbuka kuna tamko la zamani, Ufaransa na Uingereza waliahidiana kwamba hakuna atakayeigusa Zanzibar.

---

Karani wa Forodha

Mzee, kumbe mkeka wako una vitabu chini yake. Ni kweli. Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitamka kwa pamoja kuheshimu uhuru wa Masultani wa Muscat na Zanzibar. Kwa hiyo Mwingereza alipotangaza himaya bila kumuuliza Mfaransa, Paris walikuja juu.

Walituliza vipi? Tarehe 5 Agosti 1890 wakabadilishana hati. Ufaransa inakubali himaya ya Uingereza Zanzibar, Uingereza inakubali himaya ya Ufaransa Madagascar na eneo kubwa la Sahara kusini ya Algeria. Malkia wa Madagascar hakuulizwa. Salisbury alisimama baada ya siku chache kwenye Baraza la Malodi akaifanyia mzaha Sahara, kwamba mkulima angeiita ardhi "nyepesi sana". Wafaransa hawakucheka.

Hebu uhesabu: kuipata Zanzibar, Uingereza ilitoa kisiwa chenye watu kama 2,000 Bahari ya Kaskazini, ikatoa pwani ya mtu mwingine, ikatoa Madagascar ya mtu mwingine, ikatoa jangwa la watu wengine. Chake kilikuwa kimoja tu katika hivyo, na hata hicho Malkia Victoria alinung'unika kwamba watu wa Heligoland wanakabidhiwa bila kuulizwa. Bunge likapitisha sheria, na Agosti 10 Kaiser mwenyewe yuko kisiwani.

Kwa hao watu wa Heligoland kulikuwa na Malkia wa kunung'unika na kifungu cha kuwaruhusu kuchagua kubaki Waingereza. Watu wa Pangani, Bagamoyo, Kilwa hawakuwekewa cha namna hiyo.

---

Dada wa Wete

Jamani, mimi naona mnazungumza viti na bendera tu. Huo Agosti si ndio ilitoka amri ya utumwa? Maana kule kwetu mashamba ya karafuu yalikuwa yanalimwa na watumwa, na huo ndio utawala uliomgusa mtu wa kawaida.

---

Karani wa Forodha

Dada, nilikuwa naelekea huko. Amri ya tarehe 1 Agosti 1890. Naomba tuiangalie kwa karibu, kwa sababu ndani ya mwezi mmoja unaona utawala mpya ulivyofanya kazi.

Soko la watumwa lilikwisha kufungwa na mkataba wa Barghash wa 1873. Lakini ndani ya nyumba biashara iliendelea kupitia madalali. Amri ya Ali ilipiga marufuku kuuza, kununua na kubadilishana watumwa wa nyumbani. Nyumba za madalali zifungwe, dalali atakayekamatwa aadhibiwe na kufukuzwa nchini. Mwenye watumwa akifa bila watoto halali, watumwa wawe huru. Atakayeoa au kuolewa na mtu aliye chini ya sheria ya Uingereza, yaani Wahindi wengi wa mjini, asiwe na haki ya kumiliki mtumwa, yeye wala uzao wa ndoa hiyo. Na kifungu kikubwa kuliko vyote: mtumwa yeyote ana haki ya kujinunua kwa bei ya haki, fedha ilipwe mbele ya kadhi.

Mji ukachemka. Wenye mashamba walikuwa wengi wana madeni kwa Wahindi, na watumwa ndio waliokuwa wakichuma karafuu za kulipia madeni hayo. Kabla mwezi haujaisha likatoka tangazo jingine: mtumwa akileta pesa kwa kadhi, bwana wake halazimishwi kuzipokea.

Kwa hiyo haki ipo, pesa unazo, kadhi amekaa, na bwana anasema sitaki. Imekwisha. Sheria ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba ilisubiri mpaka 1897, na Kenya pwani mpaka 1907.

Na mwezi uliotangulia, Julai 2, mataifa yalikuwa yamesaini Hati ya Brussels ya kupiga vita biashara ya watumwa, iliyoamua ofisi ya kimataifa ya habari za majahazi iwekwe hapohapo Zanzibar. Majahazi yakawa na ofisi ya kuyaandika. Mchuma karafuu wa Pemba alibaki pale alipokuwa.

---

Dada wa Wete

Ahsante. Mimi ningeongeza kwamba Waingereza hawakulilazimisha lile tangazo la pili lisitoke. Walikuwa na nguvu za kumshurutisha Sultani atoe pwani, ila za kumtetea mtumwa na pesa yake mkononi hazikupatikana.

---

bongonyoso

Dada umemaliza. Karani, leta hela sasa, umetuzungusha vya kutosha.

---

Karani wa Forodha

Haya. Hela.

Fidia ya pwani na Mafia ilijadiliwa mpaka Oktoba. Waliokubaliana bei ni Uingereza na Ujerumani. Ikawa mark milioni 4, ambazo kwa hesabu ya wakati ule ni kama pauni 200,000. Ujerumani ikalipa. Novemba himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar ikatangazwa rasmi, na tarehe 1 Januari 1891 bendera ya Ujerumani ikapanda pwani kutoka Umba mpaka Ruvuma.

Sasa, ungetarajia pauni 200,000 ziingie hazina ya Sayyid Ali. Hazikuingia. Zilishikwa London kwa niaba yake. Ndiyo hasara ya kuwa na mlinzi anayekushikia na pochi.

Ali akafariki Machi 1893. Hela bado ziko London. Mwaka 1895 ile kampuni ya Mackinnon ikashindwa kujiendesha. Serikali ya Uingereza ikaamua kuinunua na kuitwaa nchi yake iwe himaya ya Afrika Mashariki, hiyo mnayoiita Kenya. Bei ikawa pauni 250,000. Katika hizo, pauni 50,000 zilitoka hazina ya Uingereza. Pauni 200,000 ni zile za Sultani.

Rudia kuisoma polepole. Hela za kuuza pwani ya Tanga mpaka Lindi zilitumika kumlipa aliyekodi pwani ya Mombasa, ili pwani ya Mombasa, ambayo ni ya Sultani huyohuyo, iendeshwe na Mwingereza.

---

Mtwapa Mjini

Subiri kwanza. Mimi ni mtu wa Mombasa na hii stori ya kodi tumeisikia tangu utotoni. Ati Mwingereza alikuwa akimlipa Sultani pauni 17,000 kwa mwaka kwa ajili ya Mwambao. Kwa hivyo si alirudishiwa?

---

Karani wa Forodha

Bwana, umeuliza penyewe. Mkataba wa Desemba 1895 unasema 17,000, ndiyo. Ila ifungue hiyo namba. Pauni 11,000 ni kodi ya ukanda. Pauni 6,000 zilizobaki ni riba ya asilimia 3 juu ya zile pauni 200,000 zilizotumika. Piga hesabu: 3 kwa mia ya 200,000 ni 6,000 kamili.

Yaani alikopwa bila kuombwa, mkopo ukanunulia nchi yake mwenyewe, na mkopaji akawa anamtumia riba ya mwaka huku akiiita sehemu ya kodi.

---

Mtwapa Mjini

Lahaula! Hiyo ya 6,000 sikuijua. Hapa kwetu wazee walijua 17,000 tu, wakaona ni heshima ya Sultani. Na bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus mpaka mwisho.

Lakini wacha niseme kitu. Karatasi hizo zilikuwa na faida moja kwetu. Kwa kuwa kisheria Mwambao ulikuwa bado wa Sultani, mwaka 1961 ilibidi waunde tume ya Robertson kuuliza uende wapi, na Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte waziri mkuu wa Zanzibar waliandikiana barua kabla ukanda haujaunganishwa na Kenya. Ndani ya barua hizo kuna ahadi za mahakama za kadhi, uhuru wa dini na hati za ardhi za pwani. Tanga na Bagamoyo hawakupata hata barua, kwa sababu kwao iliuzwa jumla mwaka huo wa 1890.

---

Chole Bay

Na Mafia.

---

Ruwi_77

Mtwapa, hiyo tofauti ya kukodishwa na kuuzwa sikuwahi kuiona hivyo. Pwani moja, mtawala mmoja, mto Umba katikati. Kaskazini ya mto mtu ana hoja ya kisheria miaka 70 baadaye, kusini hana.

---

bongonyoso

Karani, na hao Witu? Umesema Mjerumani aliwaachia. Waliachwa salama?

---

Karani wa Forodha

Hawakuachwa, mkuu. Witu walikuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani tangu 1885, Fumo Bakari akawaamini. Julai 1890 wanaambiwa mlinzi wao amehama. Septemba Mjerumani mmoja, Küntzel, akaingia mjini na wenzake wa kazi ya mbao, kukazuka ugomvi mkali, akauawa yeye na Wajerumani kadhaa. Oktoba akaja Admirali Fremantle na jeshi la majini la Uingereza, mji wa Witu ukachomwa moto.

Yaani Wajerumani ndio waliouawa, na Mwingereza ndiye aliyelipiza, kwa sababu karatasi ilishabadilisha mwenye zamu. Hiyo ilikuwa operesheni ya kwanza ya "kulinda" upande wa kaskazini baada ya mkataba. Fumo Bakari alifariki miezi michache baadaye.

Desemba hiyohiyo Lugard, ofisa Mwingereza, anaingia Kampala kwa niaba ya kampuni ya Mackinnon na kumsainisha Mwanga upya. Mwanga huyo alikuwa ameshasaini na Peters mwaka huohuo.

---

Mzee wa Gahawa

Mwanga kasaini mara mbili, Ali kasaini mara moja, na wote wawili walikutana na hati ambazo zilishapata mwenyewe Ulaya.

Swali langu la mwisho, Karani. Wajerumani wenyewe waliridhika?

---

Karani wa Forodha

Hawakuridhika hata kidogo. Kwa watu kama Peters ule mkataba ulikuwa usaliti, kwamba Caprivi ametoa nusu ya Afrika kwa jiwe la baharini. Hasira hiyo ndiyo iliyozaa chama chao cha Umoja wa Wajerumani Wote mwaka 1891, kikapiga kelele za kizalendo kwa miaka mingi. Na hapo ndipo ilipotoka hii sentensi ya "Zanzibar kwa Heligoland". Ni malalamiko ya Wajerumani waliojiona wamepunjwa kitu kilichokuwa chao. Sisi tumeiokota na kuifundishia watoto.

---

Dada wa Wete

Basi nimeipata ya kumwambia mwalimu wa historia wa mwanangu. Karani, ukipata nafasi fungua uzi wa 1897, tuone wenye mashamba walilipwa kiasi gani kwa kila mtumwa, na mtumwa mwenyewe alilipwa nini.